Patrick Gordon: Mlei Askari Aliyewaombea Wakatoliki wa Moscow Padre na Kanisa



Tunapotafakari jinsi Imani Katoliki ilivyoenea duniani, mawazo yetu huwaendea kwanza maaskofu, mapadre na watawa waliovuka bahari na mipaka ili kuhubiri Injili. Ni haki kuwakumbuka hivyo. Hata hivyo, zipo jumuiya za Kikatoliki ambazo kwa miaka mingi hazikuwa na padre wala kanisa, zikabaki hai kwa sababu ya walei waliokwenda ugenini kutafuta riziki na hawakuiacha imani yao mpakani. Jumuiya ya Wakatoliki wa Moscow katika karne ya 17 ni mojawapo, na mlei aliyeisimamia kuliko wengine wote alikuwa askari: Patrick Gordon, Mskoti aliyezaliwa mwaka 1635 na kufariki dunia mwaka 1699, baada ya kulitumikia jeshi la Urusi kwa miaka 38.

Wanahistoria humtaja Gordon kama jenerali na mshauri wa Tsar Peter Mkuu. Sisi tuna sababu nyingine ya kumkumbuka. Kanisa halijamtangaza kuwa mtakatifu, na makala haya hayakusudii kumpamba. Alikuwa askari wa mshahara, na maisha ya namna hiyo yana madoa yake. Lakini katika maisha yake kuna swali linalomgusa kila Mkristo anayekula mkate wa bwana asiyeshiriki imani yake: je, mtu anaweza kuukodisha upanga wake, nguvu zake na akili zake, bila kuikodisha pia dhamiri yake?

Kijana asiye na nafasi nyumbani

Gordon alizaliwa Auchleuchries, katika eneo la Aberdeen, kaskazini-mashariki mwa Uskoti. Familia yake ilikuwa ya ukoo wenye jina lakini mali kidogo, naye hakuwa mrithi wa shamba la baba yake. Tena alikuwa Mkatoliki katika nchi ambayo Bunge lake, tangu mwaka 1560, lilikuwa limeyafuta mamlaka ya Baba Mtakatifu na kuipiga marufuku Misa Takatifu. Katika eneo la Aberdeen zilibaki familia zilizoendelea kuishika imani ya zamani kwa siri na kwa gharama kubwa. Kijana wa familia kama hizo aliweza kusoma shule za kijijini, lakini mlango wa chuo kikuu ulikuwa umefungwa mbele yake kwa sababu ya dini.

Mwaka 1651, wakati majeshi ya Cromwell yakiitawanya Uskoti, Gordon alipanda meli huko Aberdeen akiwa na umri wa miaka 16. Alifika Danzig, mji ambao leo huitwa Gdańsk, nchini Poland. Kutoka hapo alikwenda Braunsberg, kwenye chuo cha Wajesuiti kilichokuwa kimeanzishwa na Kardinali Stanislaus Hosius katika karne iliyotangulia. Wajesuiti walimpokea vizuri na kumfundisha. Yeye lakini alitambua kwamba maisha ya utulivu, vitabu na nidhamu ya chuo hayakuwa wito wake. Baada ya takriban miaka miwili aliondoka kwa miguu, akiwa na fedha chache na bila kuijua vema lugha ya watu aliokutana nao njiani.

Tusilipite jambo hilo haraka. Gordon hakuwa padre wala mtawa, na malezi yake ya imani nje ya nyumbani yalikuwa ya muda mfupi. Lakini kile alichokipata Braunsberg kilimtosha kwa safari ndefu. Wazazi na walezi wetu wanaojiuliza kama mafundisho ya katekesi wanayowapa vijana yana faida yoyote wakati vijana hao wanapotawanyika mijini, wanaweza kupata faraja hapa.

Bendera nyingi

Mwaka 1655 Gordon alijiunga na jeshi la Uswidi, ambalo wakati huo lilikuwa likiivamia Poland. Hapa ndipo madoa tuliyoyataja yanapoanza kuonekana. Mkatoliki aliyelelewa na Wajesuiti katika ardhi ya Poland alikuwa sasa chini ya mfalme Mlutheri, akipigana na taifa la Kikatoliki. Kisha akatekwa na Wapoland, akaingia katika jeshi lao. Akatekwa tena na upande mwingine, akarudi kwa Waswidi. Na baadaye akawa tena upande wa Poland. Desturi ya vita za wakati ule ilikuwa kwamba mateka mwenye ujuzi alipewa nafasi ya kuchagua kati ya gereza na kumtumikia aliyemteka. Askari wa kigeni walilipwa kwa kuchelewa, na mara nyingi waliishi kwa kupora vijiji. Gordon aliyaandika hayo mwenyewe katika kumbukumbu zake bila kujificha.

Kumbukumbu hizo ni hazina. Aliziandika kwa mkono wake kwa Kiingereza, na juzuu sita zimehifadhiwa Moscow hadi leo. Ndani yake tunamwona mtu mwenye hesabu kali, anayeandika barua alizotuma, fedha alizodaiwa na alizodai, maili alizosafiri na watu aliokula nao. Tunaona pia kwamba kulikuwa na mpaka ambao hakutaka kuuvuka. Alitaka aondoke kwa bwana mmoja kwa ruhusa, bila kutoroka usiku, na alipokwisha kuapa, alikihesabu kiapo kuwa kitu cha kweli. Mabwana zake walibadilika, lakini namna yake ya kutumikia haikubadilika. Imani yake nayo haikubadilika.

Mtego wa Moscow

Mwaka 1661, baada ya kupigana upande wa Poland dhidi ya Warusi, Gordon alikubali mwaliko wa balozi wa Urusi aingie katika jeshi la Tsar Alexei kwa cheo cha meja. Aliwasili Moscow mwezi Septemba mwaka huo akiwa na umri wa miaka 26. Alitarajia mshahara mzuri na heshima. Alichokutana nacho kwanza ni karani wa ofisi ya serikali aliyechelewesha malipo yake kwa sababu alingoja hongo. Gordon alilalamika kwa mkuu wa ofisi, na amri ikatolewa, lakini karani aliendelea kumzungusha. Msomaji wa leo hahitaji kufafanuliwa hali hiyo. Tena fedha iliyotumika ilikuwa ya shaba, ambayo thamani yake ilikuwa ikishuka siku hadi siku, hata mwaka uliofuata wananchi wa Moscow wakaasi kwa ajili hiyo.

Gordon alitaka kuondoka mara moja. Wenzake wakamwonya: yeye ni Mkatoliki, ametoka Poland, nchi iliyo vitani na Urusi, akiomba kuondoka kabla hajaanza kazi, atadhaniwa kuwa mpelelezi na kupelekwa Siberia. Akabaki. Mlango wa kuingilia ulikuwa mpana, wa kutokea mwembamba, na hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa wageni wengi wenye ujuzi ambao Urusi iliwahitaji. Wako ndugu zetu katika nyakati hizi waliokwenda kufanya kazi nchi za mbali, wakachukuliwa hati zao za kusafiria na mwajiri, ambao wataelewa vizuri kuliko sisi hali aliyokuwa nayo kijana huyo.

Wageni wa Moscow waliishi katika sehemu yao nje ya mji, iliyoitwa Mtaa wa Wajerumani. Waluteri na Wakalvini walikuwa na makanisa yao huko na wachungaji wao. Wakatoliki hawakuwa na kanisa, wala hawakuruhusiwa kuwa na padre wa kudumu. Waliweza kuhudhuria Misa pale tu ubalozi wa nchi ya Kikatoliki ulipokuja na padre wake, na ubalozi ulipoondoka, padre aliondoka pia. Chuki hii ilitokana na vita za muda mrefu kati ya Urusi na Poland, ambapo siasa na dini zilikuwa zimefungamana kiasi cha kutotenganishwa. Wageni waliokubali kubatizwa upya katika Kanisa la Kiorthodoksi walifunguliwa njia nyepesi za upendeleo. Gordon hakuifuata njia hiyo. Alioa binti wa kanali Mkatoliki mwaka 1665, akapata watoto, na kwa zaidi ya miaka 20 akaishi kama Mkatoliki mahali pasipokuwa na altare.

Mtetezi wa ngome

Katika miaka hiyo alipanda vyeo kwa kazi. Mwaka 1666 alitumwa na Tsar kupeleka barua kwa Mfalme Charles II mjini London. Lakini sifa yake kubwa aliipata Ukraine, katika ngome ya Chyhyryn, iliyozingirwa na majeshi ya Dola ya Osmani mwaka 1677 na tena mwaka 1678. Katika mzingiro wa pili Gordon alisimamia kazi za uhandisi: mahandaki, kuta za udongo na mashimo ya baruti. Mkuu wa ngome alipouawa kwa bomu, mzigo wote wa ulinzi ukamwangukia yeye.

Usiku wa mwezi Agosti 1678 ilikuja amri ya kuiacha ngome. Askari wengi walikwisha kukimbia kuelekea daraja, na Waturuki walikuwa wakiingia. Gordon alikuwa miongoni mwa watu wa mwisho kutoka, baada ya kuhakikisha kwamba ghala la baruti limewashwa ili lisiangukie mikononi mwa adui. Mlipuko ulipotokea, uliwaua wengi kati ya waliokwisha kuingia. Alipita gizani katikati ya maadui akiwa na upanga na bastola, akalifikia jeshi la Urusi. Kwa huduma hiyo alipewa cheo cha meja jenerali, na baadaye akakabidhiwa ulinzi wa mji wa Kiev.

Ombi la mwaka 1684

Mtu wa namna hii alikuwa sasa na neno lenye uzito, na hapa tunafika kwenye kiini cha makala yetu. Mwanzoni mwa mwaka 1684 Gordon alikuwa Moscow kwa mazungumzo na Prince Vasily Golitsyn, waziri mwenye nguvu kuliko wote katika serikali ya Binti Mfalme Sophia, aliyetawala kwa niaba ya wadogo zake wawili. Golitsyn alitaka ushauri kuhusu vita na Watatari wa Crimea, na Gordon akautoa kwa maandishi. Wakati huohuo alileta ombi ambalo halikuhusu cheo wala mshahara: Wakatoliki wapewe uhuru wa kuabudu na kuwa na mapadre, kama walivyopewa Waprotestanti.

Hoja yake ilikuwa nyepesi na ya haki. Wakatoliki walikuwa wakimwaga damu katika majeshi ya Tsar sawa na wageni wengine. Kwa nini wao peke yao wafe bila Kitubio na bila Ekaristi Takatifu? Mwaka huohuo Kaisari Leopold, aliyetafuta ushirikiano wa Urusi dhidi ya Waturuki waliokuwa wameuzingira mji wa Vienna mwaka uliotangulia, alituma ujumbe Moscow, na ujumbe huo nao ukaliunga mkono jambo hilo. Ruhusa ikapatikana. Mapadre Wajesuiti wakaanza kuwahudumia Wakatoliki wa Mtaa wa Wajerumani. Baada ya miaka 23 tangu Gordon afike Moscow, waamini wenzake wakawa na padre aliyekaa kati yao.

Familia iliyoachwa dhamana

Mwaka 1686 alipewa likizo ya kwenda Uskoti, lakini mke na watoto wake walibaki Urusi, na kila mtu alijua kwamba walikuwa dhamana ya kurudi kwake. Wakati huo Uingereza na Uskoti zilikuwa na mfalme Mkatoliki, James, wa 7 kwa Uskoti na wa 2 kwa Uingereza. Mfalme alimpokea vizuri na kumtaka arudi kumtumikia nyumbani. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake, Gordon alikuwa na nchi yake mwenyewe iliyomtaka, na mfalme wa imani yake mwenyewe.

Alirudi Urusi kwa ajili ya familia yake, akaomba aachiliwe kwa heshima. Jibu lilikuwa hasira. Alitishiwa kushushwa kutoka cheo cha jenerali hadi afisa wa chini kabisa na kupelekwa uhamishoni, hata akalazimika kuandika barua ya kuomba msamaha. Miaka miwili baadaye Mfalme James alipinduliwa, na njia ya kurudi Uskoti ikafungwa. Gordon aliendelea kumhesabu James kuwa mfalme wake halali, bila kuona haya kulisema hilo mbele ya Waingereza wa Moscow waliokwisha kuegemea upande wa mshindi.

Alikwenda vitani Crimea chini ya Golitsyn mwaka 1687 na tena mwaka 1689. Vita zote mbili zilishindwa kwa sababu ya nyika iliyochomwa moto, ukosefu wa maji na uongozi dhaifu. Patriaki Joachim, mkuu wa Kanisa la Kiorthodoksi la Urusi, alikuwa ameonya hadharani kwamba jeshi lenye kiongozi mzushi haliwezi kupata baraka. Mzushi aliyekusudiwa alikuwa Gordon.

Uamuzi wa Septemba 1689

Katika kiangazi cha mwaka 1689 mvutano kati ya Sophia na mdogo wake Peter, aliyekuwa na miaka 17, ulifika kilele. Peter alikimbilia Monasteri ya Utatu Mtakatifu, kaskazini mwa Moscow, akawaita maafisa wa kigeni waje kwake. Golitsyn aliwaagiza wasiende. Gordon alikuwa na deni la shukrani kwa Golitsyn, kwa maana ndiye aliyelisikiliza ombi la Wakatoliki. Lakini aliyeita alikuwa Tsar, mwenye haki ya kiti cha enzi. Baada ya kulipima jambo hilo, Gordon aliamua kwenda, na maafisa wengine wa kigeni wakamfuata. Walifika monasterini tarehe 5 Septemba kwa kalenda ya zamani iliyotumika Urusi. Tangu siku hiyo nguvu za Sophia ziliporomoka haraka. Golitsyn alipelekwa uhamishoni, naye Sophia akawekwa katika nyumba ya watawa.

Mtu angetarajia kwamba baada ya huduma kama hiyo Wakatoliki wangefurahia matunda. Ilikuwa kinyume. Mwezi Oktoba mwaka huohuo, kwa msukumo wa Patriaki Joachim, Wajesuiti walifukuzwa nchini. Serikali ambayo Gordon alisaidia kuisimamisha iliwaondoa mapadre ambao serikali iliyoanguka iliwaruhusu. Miezi michache baadaye, katika sherehe ya kuzaliwa kwa mtoto wa Tsar mwezi Februari 1690, Gordon alialikwa mezani, kisha akatolewa kwa sababu Patriaki hakukubali Mkatoliki aketi pale. Kesho yake Peter alimwita ale pamoja naye, kama namna ya kumtaka radhi.

Gordon angeweza kuridhika na heshima hiyo yake binafsi, maana rafiki wa Tsar hakuhitaji kujisumbua tena kwa ajili ya wajane na maafisa wadogo waliotaka Misa. Hakuridhika. Alianza tena kuomba, kwa uvumilivu wa mtu aliyezoea kuchimba mahandaki. Alitumia ukaribu wake na Peter, aliyekuwa akija nyumbani kwake katika Mtaa wa Wajerumani, jambo ambalo wafalme wa Urusi waliotangulia hawakulifanya. Kaisari naye aliendelea kulisukuma jambo hilo kupitia wajumbe wake. Hatimaye mapadre wengine, wasio Wajesuiti, waliruhusiwa kuingia. Katika miaka ya 1690 likajengwa kanisa dogo la mbao, kisha likaanzishwa la mawe, kwa jina la Watakatifu Petro na Paulo. Hilo ndilo chimbuko la parokia ya Kikatoliki ya Moscow yenye jina hilo. Gordon alilisimamia na kulichangia kwa mali yake, na humo akatayarisha mahali pa kaburi lake na la watu wake.

Ushindi, na kivuli chake

Mwaka 1695 Peter aliuzingira mji wa Azov, uliokuwa mikononi mwa Waturuki. Gordon alishauri mashambulizi yasifanywe kabla ya maandalizi kukamilika, hakusikilizwa, na askari wengi wakafa bure. Mwaka 1696 Warusi walirudi wakiwa na meli, na chini ya uongozi wa Gordon walijenga tuta kubwa la udongo na kulisogeza hatua kwa hatua hadi kwenye ukuta wa ngome. Azov ilijisalimisha mwezi Julai.

Mwaka uliofuata Peter alikwenda Ulaya Magharibi kwa safari ndefu, akamwacha Gordon miongoni mwa waliolinda mji mkuu. Mwezi Juni 1698 vikosi vinne vya Streltsy, askari wa kudumu wa jadi ya Urusi, viliasi na kuelekea Moscow. Walikuwa zaidi ya 2,000. Walichoka kuwekwa mipakani mwaka baada ya mwaka, wakiwa na njaa, mbali na wake na watoto wao. Gordon, pamoja na Jenerali Aleksei Shein, aliwazuia karibu na Monasteri ya Yerusalemu Mpya, kandokando ya mto Istra. Alikwenda mwenyewe kuzungumza nao, akasikia malalamiko yao, akawasihi watii, akawapa muda wa kufikiri. Walikataa. Mizinga ikafyatuliwa, na kabla ya saa moja kwisha uasi ulikuwa umekwisha.

Yaliyofuata ni machungu. Zaidi ya 100 waliuawa baada ya mateso na mahojiano. Peter aliporejea alifungua uchunguzi upya, na zaidi ya 1,000 wakauawa, wengi wao baada ya kuteswa kikatili. Gordon aliilinda serikali halali dhidi ya uasi wa silaha, na hilo lilikuwa wajibu wake. Lakini ushindi wake ulimkabidhi mtawala mwenye hasira watu waliokwisha kunyang'anywa silaha. Katekismu ya Kanisa Katoliki, namba 2313, inatufundisha kwamba majeruhi na mateka wa vita lazima waheshimiwe na kutendewa kibinadamu. Hatuwezi kuuficha ukweli huu tunapomsifu Gordon. Anayemtumikia bwana mwenye nguvu hushiriki, kwa kiasi fulani, katika mambo ambayo bwana huyo huyatenda kwa nguvu alizopewa. Kila Mkristo aliye katika jeshi, polisi, mahakama au ofisi ya umma anapaswa kulibeba fundisho hilo katika sala na katika kuitafiti dhamiri yake.

Kifo cha mgeni

Mwisho wa mwaka 1698 Gordon aliandika katika kumbukumbu zake kwamba nguvu zake zilikuwa zikipungua, akajiweka katika mapenzi ya Mungu. Alifariki dunia Moscow tarehe 29 Novemba 1699, akiwa na miaka 64. Wakati wa ugonjwa wake Tsar Peter alimtembelea mara tano, na usiku wa mwisho alikuja mara mbili. Alisimama kando ya kitanda akilia, na kwa mkono wake mwenyewe akamfumba macho. Kijana aliyetoka Aberdeen bila kitu alizikwa katika kanisa lile la Kikatoliki ambalo miaka 38 kabla yake hakuna Mrusi angeamini kwamba lingeweza kusimama Moscow.

Tunajifunza nini?

Katika Injili ya Luka, askari walipomwendea Yohane Mbatizaji kuuliza wafanye nini, hakuwaambia watupe silaha. Aliwakataza dhuluma na kuwataka watosheke na mshahara wao. Katika Matendo ya Mitume tunamkuta Kornelio, akida wa jeshi la Kirumi, ambaye sala na sadaka zake zilifika mbele za Mungu. Gordon anasimama mbali nyuma yao, akiwa na damu na vumbi la vita za karne yake, lakini yumo katika njia hiyohiyo. Swali tuliloanza nalo linapata jibu lenye pande mbili. Imani inaweza kutunzwa chini ya bwana wa imani nyingine, hata kwa miaka mingi bila padre. Dhamiri lakini haitunzwi kwa ushujaa peke yake. Huhitaji kuamshwa kila siku, na hasa siku ya ushindi.

Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano, katika Hati ya Fumbo la Kanisa, namba 33, unafundisha kwamba walei wameitwa kulifanya Kanisa liwepo na litende kazi mahali na katika mazingira ambamo ni wao tu wanaoweza kulifanya liwe chumvi ya dunia. Hakuna padre ambaye angeweza kuingia katika ofisi ya Golitsyn mwaka 1684 na kuomba kile alichokiomba Gordon. Mlango huo ulifunguliwa na mlei kwa uaminifu wa kazi yake. Aliheshimika kwanza kwa ngome alizozilinda, kisha heshima hiyo akaitumia kwa faida ya waamini wasio na sauti.

Tunavyo vigango ambavyo padre huvifikia mara chache kwa mwaka, na katekista huongoza Ibada ya Dominika chini ya mti au katika darasa la shule. Tunao pia waamini wenye vyeo, wanaojulikana na viongozi na ambao neno lao husikika. Wengine kati yao huiacha imani yao nyumbani wanapokwenda kazini, wakidhani kwamba ndiyo busara. Gordon alifukuzwa mezani kwa sababu ya imani hiyo, akarudi kazini kesho yake, na kesho kutwa akaomba tena padre. Basi tumwombe Mungu atujalie walei wenye uvumilivu wa namna hiyo katika maparokia yetu, na tuwaombee askari wetu wote, ili nguvu waliyokabidhiwa isiwahi kuwapofusha wasiuone uso wa ndugu katika mtu aliyeshindwa.